Gharama ya Jua la Usiku: Somo kwa Mtumiaji Anayekusudia Kufunga Umeme wa Jua



Mwaka jana alifika katika mojawapo ya ofisi zetu za kanda mama mmoja mwenye duka katika kijiji cha mkoa wa Singida. Alikuja na bahasha ya karatasi: risiti, mkataba wa mauziano, na kadi ya dhamana iliyoandikwa kwa maandishi makubwa “MIAKA 25”. Miezi kumi na minne kabla ya siku hiyo alikuwa amenunua paneli tatu za wati 100, betri mbili kavu za ampia-saa 100, inveta, na friji dogo la kuuzia soda na maji baridi. Kwa miezi ya kwanza mambo yalikwenda vyema. Kisha friji likaanza kuzimika saa nane za usiku, baadaye saa nne, na hatimaye likawa linazimika jua linapotua. Muuzaji alimwambia kwamba dhamana ya miaka 25 ni ya paneli, na paneli zake ni nzima. Dhamana ya betri ilikuwa miezi sita, nayo ilikwisha zamani.

“Jua lenyewe halijaisha, wanangu,” alituambia. “Kilichoisha ni betri.”

Maneno yake yanabeba sehemu kubwa ya somo hili. Watumiaji wengi wanaotuandikia huuliza bei ya paneli, wakidhani kwamba hiyo ndiyo bei ya umeme wa jua. Sivyo. Paneli ni sehemu ya mtambo inayodumu kuliko zote, na kwa miaka ya karibuni imekuwa miongoni mwa sehemu za bei nafuu. Umeme wa jua unaotumika mchana, wakati uleule unapozalishwa, ni rahisi. Unaohifadhiwa ili utumike usiku ndio ghali, na ghali yake hutegemea betri uliyochagua na namna unavyoilisha. Tunaomba msomaji atufuate katika hesabu chache. Bei za vifaa tunazotaja ni za mfano tu. Weka mahali pake bei uliyotajiwa na muuzaji wako, njia ya kukokotoa haibadiliki.

Hesabu ya kwanza: unahitaji kiasi gani

Kila kifaa kina wati zake, zilizoandikwa nyuma au chini yake. Zidisha wati hizo kwa saa unazokitumia kwa siku, nawe utapata wati-saa. Wati-saa 1,000 ndiyo uniti moja, ileile unayoinunua kwa LUKU.

Tuichukue nyumba ya mama huyu bila friji. Taa nne za wati 7, zikiwaka saa tano, ni wati-saa 140. Televisheni ya wati 40 kwa saa nne ni 160. Redio ya wati 5 kwa saa sita ni 30. Simu tatu zikichajiwa, tuseme 45. Jumla ni wati-saa 375, yaani chini ya nusu uniti kwa siku. Ni kiasi kidogo, na kwa mtu wa mbali na gridi ni kiasi kinachobadili maisha.

Sasa ongeza friji dogo. Katika nchi yenye joto, friji la namna hiyo linaloendeshwa kwa inveta hula karibu uniti moja kwa siku, nalo haliulizi kama leo kuna mawingu. Jumla inaruka kutoka 375 hadi 1,375. Kifaa kimoja kimekuza mahitaji ya nyumba nzima karibu mara nne, na ndiyo maana tunasema: kabla ya kumuuliza muuzaji bei ya mtambo, amua kuhusu friji, pasi, jiko na birika la umeme. Pasi na birika, kwa maoni yetu, havina nafasi katika mtambo mdogo wa betri.

Paneli iliyoandikwa wati 100 hutoa wati hizo katika maabara, mwanga ukiwa mkali kabisa na paneli yenyewe ikiwa na joto la nyuzi 25. Juu ya bati la Dodoma saa saba mchana paneli huwa na joto zaidi sana ya hapo, na kadiri inavyopata moto ndivyo inavyopungua nguvu. Nyaya hupoteza kidogo, betri hupoteza, inveta hupoteza, vumbi nalo lina fungu lake. Kwa uzoefu ni busara kuhesabu kwamba asilimia 70 tu ya kinachoandikwa ndiyo itakayofika kwenye taa. Na siku moja, hata iwe ndefu, haina saa kumi na mbili za jua kamili. Kwa miezi dhaifu ya mwaka, kadiria saa nne na nusu. Nyanda za kati hupata zaidi, lakini anayejenga kwa ajili ya mwezi mzuri ataumia mwezi mbaya.

Basi paneli tatu za mama yule, wati 300, zilimpa takribani 300 mara 4.5 mara 0.7: wati-saa 945 kwa siku. Alihitaji 1,375. Kila siku alikuwa na deni la wati-saa 430, na deni hilo lililipwa na betri. Betri zake hazikufa kwa ubovu, wala hazikuwa bandia. Zilikufa kwa njaa. Angeongezewa wati 150 tu za paneli tangu mwanzo, pengine angekuwa nazo hadi leo, na nyongeza hiyo ingemgharimu kiasi kidogo kuliko betri hizo mbili. Aliyemuuzia hakufanya hesabu hii, au aliifanya akaona kwamba bei itamkimbiza mteja.

Hesabu ya pili: bei ya uniti iliyolala kwenye betri

Betri ya volti 12 na ampia-saa 100 hubeba wati-saa 1,200 kwa hesabu ya karatasi. Lakini betri za risasi, ziwe za maji au kavu, haziruhusu kunywewa zote. Ukizidisha kutoa nusu ya kilichomo, unafupisha umri wake kwa haraka. Kwa hiyo ujazo wake wa kweli kwa matumizi ya kila siku ni wati-saa 600. Ikitunzwa hivyo, betri nzuri ya aina hii inaweza kuvumilia mizunguko 800 hivi ya kuchaji na kutoa. Tuseme bei yake ni shilingi 350,000. Uniti 0.6 mara 800 ni uniti 480. Gawanya bei kwa uniti hizo: kila uniti inayopita katika betri hiyo imekugharimu takribani shilingi 730, kabla hujahesabu paneli wala inveta.

Betri ya lithiamu ya ukubwa uleule huruhusu kutumia asilimia 80 au zaidi ya kilichomo, yaani karibu uniti nzima, na nyingi hutengenezwa kwa mizunguko 3,000 au zaidi. Tuseme bei yake ni shilingi 1,000,000. Ukigawanya kwa uniti 3,000 unapata shilingi 333 hivi kwa uniti. Betri iliyokuwa ghali karibu mara tatu dukani imekuwa rahisi zaidi ya mara mbili katika maisha yake. Mara nyingi hali ndiyo hiyo, ingawa tunatambua kwamba mtu mwenye 400,000 mkononi hawezi kununua hesabu ya miaka minane. Umaskini wa leo una tabia ya kumlazimisha mtu kununua kilicho ghali.

Na mama wa Singida? Alilipa 700,000 kwa betri mbili. Tukikadiria kwa ukarimu kwamba zilimpa uniti moja kila usiku kwa miezi kumi na minne, alipata uniti 425. Hiyo ni zaidi ya shilingi 1,600 kwa uniti.

Sasa linganisha. Wakati kijitabu hiki kinaandikwa, mteja wa TANESCO aliye katika kundi la D1, yaani wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hutozwa shilingi 100 kwa uniti. Mteja wa kundi la T1 hutozwa shilingi 292. Ukiongeza kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, tozo ya nishati vijijini asilimia 3 na tozo ya udhibiti asilimia 1, mteja wa kwanza hulipa shilingi 122 na wa pili takribani 356.

Maana yake ni wazi, japokuwa si wauzaji wengi watakaokuambia. Kama una LUKU na uko katika kundi la D1, mtambo wa jua wenye betri hautakupunguzia gharama. Utakupa kitu kingine, nacho kina thamani: taa na simu wakati umeme umekatika. Ununue kwa sababu hiyo ukijua kwamba ni bima, na ununue mdogo. Kama uko T1, jua linalopita kwenye betri linakaribiana na bei ya gridi au kuizidi.

Lakini jua la mchana lina hesabu nyingine kabisa. Tuseme kilowati moja ya paneli pamoja na inveta yake, bila betri, ni shilingi 1,500,000, na katikati ya miaka ishirini utabadili inveta kwa 600,000. Kwa saa nne na nusu, na asilimia 75 kwa kuwa hakuna hasara ya betri, utapata uniti 3.4 kwa siku, zaidi ya uniti 24,000 katika miaka hiyo. Hata ukiacha nafasi ya kuchakaa kwa paneli, ambako huwa ni karibu nusu asilimia kwa mwaka, kila uniti itakuwa imekugharimu chini ya shilingi 100. Sharti ni moja: uzitumie zote. Saluni, karakana ya kuchomelea, mashine ya kushona, pampu ya kisima, duka la kuchapisha nyaraka, shule ya kutwa: hawa ndio jua linawafaa kwanza. Pampu ya maji tunaipenda kuliko mifano yote, kwa sababu tangi la juu la maji ndilo betri yake, na tangi halichakai kwa miaka miwili.

Kwa aliye mbali na nguzo, kipimo si TANESCO. Jenereta dogo la petroli hutoa takribani uniti moja hadi mbili kwa lita. Angalia bei kikomo ya petroli inayotangazwa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi; tukichukua shilingi 3,000 kwa lita, uniti ni kati ya 1,500 na 3,000, bado oili na matengenezo. Hapo hata ile betri ya 730 inashinda, na kwa mbali. Ongeza fedha za kuchajisha simu kwa jirani na betri za tochi za kila wiki. Mtumiaji wa namna hii hana sababu ya kuogopa jua. Sababu anayo ya kuogopa mkataba.

Kununua kwa malipo ya kila siku

Anayenunua LUKU hununua umeme wa wiki. Anayenunua mtambo wa jua hununua umeme wa miaka kumi kwa siku moja, na ndiyo maana kampuni nyingi huuza kwa mkopo unaolipwa kwa simu, mtambo ukijifunga wenyewe malipo yakichelewa. Utaratibu huu umewafikisha watu wengi kwenye mwanga ambao wasingeufikia kwa fedha taslimu, na hatuupingi. Tunachotaka ni uzidishe kabla ya kutia saini. Tuseme malipo ya awali ni 100,000, kisha 1,500 kwa siku kwa siku 900. Jumla ni shilingi 1,450,000. Kama mtambo uleule huuzwa taslimu 850,000, basi bei ya mkopo ni 600,000. Huenda inakufaa, huenda chama chenu cha akiba na mikopo kingekukopesha kwa nafuu zaidi, ila uijue.

Uliza pia maswali yasiyopendwa. Siku ambazo mtambo umefungwa kwa kukosa malipo, je, muda wa mkopo unasogea mbele? Betri ikifa kabla deni halijaisha, nani anailipa, nawe utaendelea kulipa? Ukimaliza, mtambo unafunguliwa moja kwa moja au ni lazima uombe? Taa na televisheni zake zina plagi za kawaida, au taa ikiungua utalazimika kununua kwao tu? Ukishindwa kabisa na mtambo ukachukuliwa, kuna chochote utakachorudishiwa? Majibu yawe kwenye mkataba, kwa Kiswahili unachokielewa. Wakala anayesema “hilo usijali, mama” hajajibu.

Dukani na juu ya paa

Bidhaa bandia zipo, na mtu asiye fundi anaweza kuzitambua baadhi kwa futi ya kupimia na mizani. Meta moja ya mraba ya paneli nzuri hutoa wati 200 hivi, na kidogo zaidi kwa zilizo bora sana. Ukionyeshwa paneli yenye ukubwa wa sinia ukaambiwa ni wati 300, si teknolojia mpya, ni uongo. Betri ya risasi ya volti 12 na ampia-saa 100 huwa na uzito wa karibu kilo 30. Ikiwa unainyanyua kwa mkono mmoja na kuizungusha, ndani hamna risasi ya kutosha. Betri za lithiamu ni nyepesi kwa asili, hivyo kipimo hicho hakizihusu. Kwa hizo angalia dhamana iliyoandikwa kwa miaka na mizunguko, na muuzaji mwenye duka la kudumu. Tafuta alama ya ubora ya TBS. Soma dhamana ya kila kifaa peke yake, maana ile kubwa iliyochapwa kwenye bango karibu daima ni ya paneli.

Katika ufungaji, kosa tunalolikuta mara kwa mara ni waya mwembamba. Watu hushangaa, kwa kuwa waya wa milimita za mraba 1.5 unawasha taa za nyumba ya TANESCO bila shida. Lakini kwenye volti 12 mkondo ni mkubwa. Ukipitisha ampia 10 katika waya huo kwa umbali wa meta kumi, zaidi ya volti mbili kati ya kumi na mbili hupotelea njiani, karibu sehemu ya tano ya umeme ulioulipia. Waya wa milimita 6 hupunguza hasara hiyo hadi karibu nusu volti. Fundi anayeokoa 30,000 kwenye waya amekupokonya takribani nusu ya paneli moja kati ya tatu.

Tanzania iko kusini mwa ikweta, basi paneli zielekee kaskazini, zikiinama nyuzi 10 hadi 15 ili mvua ioshe vumbi. Kivuli ni adui kuliko wingi wake unavyoonekana: tawi la mwembe linalofunika kona moja ya paneli laweza kupunguza nguvu ya msururu mzima. Pwani, Tanga hadi Mtwara, chumvi hula skrubu na viungo, kwa hiyo dai vifungio visivyoshika kutu. Wezi nao tusiwasahau. Paneli iliyo chini uani ni rahisi kufutwa vumbi na ni rahisi kuondoka.

Betri isikae chumbani mnapolala. Za maji hutoa gesi inayoweza kulipuka, na zote huteseka kwenye joto; chumba chenye hewa na kivuli ni sehemu ya umri wake. Weka fyuzi karibu na betri. Inveta ichaguliwe kwa kuzingatia kwamba friji au pampu inapoanza kuwaka huvuta mara tatu hadi sita ya wati zake za kawaida, la sivyo itazimika kila mara na lawama zitaangukia friji.

Jambo moja tunalisema kwa ukali. Usiunganishe inveta yako na nyaya za nyumba zilizounganishwa na TANESCO bila swichi ya kubadilishia iliyofungwa na fundi mwenye leseni. Umeme wako ukitoka kwenda kwenye nguzo wakati gridi imezimwa, fundi aliye juu ya nguzo hiyo anaweza kufa. Anayetaka kupeleka umeme wa ziada kwenye gridi anayo njia halali: kanuni za mwaka 2018 zinaruhusu, kwa mita maalumu na mkataba. Leseni ya fundi ombwa uione kabla ya kazi, na jina lililoandikwa humo liwe la mtu aliyesimama mbele yako.

Tumalizie shauri la mama wa Singida. Mkataba wake ulikuwa halali na dhamana ya betri ilikuwa imekwisha, hivyo hatukuweza kumrudishia 700,000 zake. Tulichoweza ni kumwonyesha muuzaji, kwa kalamu na karatasi, kwamba mtambo alioupendekeza kwa maandishi yake mwenyewe haukuwa na uwezo wa kuendesha friji aliloliuza pamoja nao. Maandishi hayo, nyuma ya risiti, ndiyo yaliyomsaidia. Baada ya vikao viwili muuzaji alikubali kumfungia paneli mbili za nyongeza bila malipo. Betri mpya mama alinunua mwenyewe, safari hii moja ya lithiamu, kwa mkopo wa kikundi chake.

Kwa hiyo mwombe muuzaji aandike kwenye risiti vifaa alivyokuhakikishia kwamba mtambo utaviendesha, na kwa saa ngapi. Tatizo likitokea, lalamika kwanza kwake kwa maandishi na ubaki na nakala. Asipokujibu, fika kwenye ofisi ya Mamlaka iliyo karibu nawe au Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji. Bidhaa ikiwa bandia, taarifa ipelekwe pia Tume ya Ushindani. Betri ya risasi iliyokufa usiipasue wala kumpa mtoto akaiuze kama chuma chakavu. Irudishe kwa muuzaji wa betri, ambaye mara nyingi hukupunguzia bei ya mpya.